Tunauliza bei ya unga kila siku, lini tutauliza udongo ulikula nini?

Kila Machi, mvua ya masika ikianza kunyesha ushago, simu za vijana wengi Nairobi, Nakuru na Mombasa huingia ujumbe uleule: “Mvua imeanza huku. Tuma ya mbolea.” Unakuna kichwa, unaangalia salio la M-Pesa, unatuma. Mama ananunua gunia la DAP, anapanda, na baada ya wiki kadhaa ujumbe mwingine unaingia: sasa ni CAN ya kukuzia. Unatuma tena. Desemba ukienda nyumbani kwa sikukuu unapewa debe la mahindi au mfuko wa unga urudi nao mjini.

Kwa hivyo wewe, kijana wa ghorofa ya nne Pipeline ambaye hujashika jembe tangu shule ya msingi, ni mfadhili wa kilimo. Tena mfadhili mkubwa. Swali ni je, unajua pesa zako zinanunua nini?

Bei ya unga ikipanda hatuhitaji kuambiwa. Mwaka 2022 pakiti ya kilo 2 ilipopita Sh200, kila mtu mtandaoni aligeuka mwanauchumi, na serikali ikalazimika kuishusha hadi Sh100 kwa muda kabla ya uchaguzi. Tunajua bei. Tunajua chapa. Tunajua unga upi hutoa ugali mgumu na upi hutoa uji. Lakini kilichomo ndani ya unga wenyewe hatujawahi kukiulizia, na kilichomo huanzia kwenye udongo.

Tuanze na sahani. Pita kibanda chochote Gikomba au Industrial Area saa saba mchana. Ugali umekaa kama mlima, sukuma wiki pembeni, na mwenye bahati ana kipande cha nyama. Aliyesota anaomba ugali na supu. Kwa mamilioni ya Wakenya, ugali huo si wanga tu. Ndiyo protini yao kubwa ya siku pia. Gramu 100 za mahindi makavu huwa na gramu 8 hadi 10 hivi za protini. Ukila ugali mara mbili kwa siku, hiyo si protini ya kudharau.

Shida ni aina yake. Protini hujengwa kwa amino asidi 20, kama ukuta unavyojengwa kwa mawe. Tisa kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, lazima uzipate kwenye chakula. Ikipungua moja tu, ujenzi unakwama hata kama zile nyingine zimejaa stoo. Kwenye mahindi zinazopungua ni mbili: lisini na triptofani. Sababu ni kwamba nusu au zaidi ya protini iliyo kwenye punje ni ya aina inayoitwa zeini, na zeini karibu haina lisini kabisa. Mtu mzima anayekula vitu mbalimbali hasikii pengo hilo. Mtoto wa miaka miwili anayeshindia uji na ugali analisikia, japo hawezi kulisema. Kulingana na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo yanayosababisha hali hiyo ni mengi, yakiwemo maji machafu na maradhi, lakini sahani yenye nafaka tupu ni mojawapo.

Sasa twende shambani, kwa sababu hapo ndipo pesa zako zilipo.

Protini ina naitrojeni ya takriban asilimia 16. Hiyo ina maana kwamba hakuna protini bila naitrojeni, na mahindi huitoa ardhini. Fanya hesabu nyepesi. Gunia la kilo 90 lenye protini ya asilimia 9 lina kilo 8.1 za protini, na ndani yake kuna kama kilo 1.3 za naitrojeni. Ekari iliyotoa magunia 20 imepeleka sokoni kilo 26 za naitrojeni. Gunia moja la CAN la kilo 50 lina kilo 13 hivi. Kwa maneno mengine, lori likitoka Kitale na magunia 20 kutoka ekari moja, limebeba naitrojeni ya magunia mawili ya CAN. Hapo hatujahesabu mabua aliyolishwa ng’ombe, wala mbolea iliyosombwa na mvua au kupotea hewani kabla mizizi haijaifikia.

Shamba lisiporudishiwa linajulikana kwa macho. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia ncha, manjano hiyo ikifuata mshipa wa katikati. Mahindi huwa mafupi, gunzi dogo, na punje chache zinazopatikana huwa na protini kidogo. Hadi hapo, mama yako ana haki kabisa kuitisha ya mbolea.

Lakini hapa ndipo hadithi inapogeuka. Ukiongeza naitrojeni peke yake, protini kwenye punje inapanda, ila sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni zeini ileile. Sababu ni rahisi. Punje haikuumbwa kwa ajili ya ugali wako. Ni mbegu, na zeini ni ghala la naitrojeni la mche utakaoota kesho. Naitrojeni ikizidi, mmea unajaza ghala. Lisini kwa jumla haipungui, huongezeka kidogo tu, lakini kila gramu ya protini unayokula sasa ina lisini kidogo kuliko ya awali. Magunia yameongezeka, protini kwenye karatasi imeongezeka, ubora umebaki nyuma.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumesifu magunia kwa miaka mingi. Tusishangae tukipata magunia.

Naitrojeni pia haifanyi kazi peke yake. Chukua salfa. Amino asidi mbili, methionini na sisteini, zina salfa ndani yake; mmea ukiikosa hauwezi kuzitengeneza za kutosha. Kwenye ngano jambo hili huonekana hadi jikoni. Naitrojeni ikiwa nyingi na salfa ikiwa chache, ngano hutengeneza zaidi protini zisizo na salfa, na unga wake hutoa donge gumu lisilovutika vizuri. Kule Uingereza wakulima walijifunza hili kwa njia ya ajabu: moshi wa viwanda ulipopunguzwa kuanzia miaka ya 1980, salfa iliyokuwa ikishuka na mvua bure ilipungua, na wakulima wa ngano wakaanza kuinunua kama mbolea. DAP na CAN, ambazo ndizo majina tunayoyajua, hazina salfa.

Chukua zinki. Mmea huihitaji ili kuunganisha amino asidi ziwe protini. Ikikosekana, mawe yanarundikana na fundi hayupo. Tena zinki na fosfeti haziivani: fosfeti ikimwagwa kwa wingi kila msimu kwenye udongo wenye zinki chache, mmea hupata zinki kidogo zaidi. Na fosforasi inayohifadhiwa kwenye punje huwa katika umbo la faiteti, ambalo tumboni mwetu hushika zinki na chuma na kutuzuia kuvitumia.

Kisha kuna asidi. Udongo wa maeneo mengi ya Magharibi na Bonde la Ufa, yaani ghala letu la mahindi, una asidi nyingi. Mbolea zenye amonia zikitumika mwaka baada ya mwaka bila chokaa huzidisha hali hiyo. Asidi ikipanda, aluminiamu iliyo ardhini huyeyuka na kuumiza mizizi, fosforasi hufungwa isipatikane, na bakteria wanaosaidia maharagwe kutengeneza naitrojeni hushindwa kufanya kazi. Unaweza kumwaga gunia zima la DAP kwenye shamba kama hilo na mahindi yakabaki na njaa. Hapo pesa ulizotuma zimezikwa.

Ndiyo maana tunasema mpango wa mbolea ya ruzuku, pamoja na mema yake, unauliza swali nusu. Bei ya gunia la kilo 50 ilishushwa kutoka karibu Sh6,500 hadi Sh3,500 Septemba 2022, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Wakulima walipumua, na hilo lipongezwe. Mwaka 2024 kashfa ya mbolea ghushi ilipozuka na kufika hadi Bunge, taifa zima lilikasirika, na lilikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini hata mbolea halali inaweza kuwa mbolea isiyofaa shamba fulani. Udongo wa Kitui si udongo wa Kakamega. Kumpa kila mtu gunia moja ni kama daktari kuwapa wagonjwa wote wa foleni dawa moja kwa sababu ilikuwa na punguzo la bei.

Kosa hili si la Kenya pekee. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaweka lengo la kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa kila hekta. Lengo hilo bara halikulifikia. Mei 2024 walikutana tena, safari hii hapa Nairobi, na angalau jina la mkutano lilitaja afya ya udongo kando ya mbolea. Ni hatua. Sasa ishuke kutoka KICC hadi kwenye depo ambako mkulima anapanga foleni.

Kuna atakayesema: acheni mambo ya maabara, mkulima avune kwanza, njaa haiulizi lisini. Hoja hiyo ina uzito. Mama mwenye karo ya kulipa anahitaji magunia, na sisi wa mjini tunataka unga ushuke bei. Lakini mambo haya mawili hayapigani. Chokaa kwenye udongo wenye asidi huongeza mavuno. Zinki mahali inapokosekana huongeza mavuno. Kule Uturuki, wanasayansi walipogundua katika miaka ya 1990 kwamba ngano ya nyanda za kati ilikuwa ikikosa zinki, mbolea yenye zinki iliongeza mavuno na zinki kwenye punje kwa pamoja. Finland nayo iliamua mwaka 1984 kwamba mbolea zake ziongezwe seleniamu, kwa sababu udongo wake ulikuwa na chache mno. Seleniamu ilipanda kwenye nafaka, kwenye maziwa na kwenye damu ya wananchi. Nchi nzima ilirekebisha lishe yake kupitia gunia la mbolea.

Mwingine atasema: si unga wa pakiti unaongezwa virutubisho? Ndiyo, tangu 2012 ni lazima kisheria. Soma nyuma ya pakiti uone: vitamini, chuma, zinki. Hakuna lisini. Na unga mweupe tunaoupenda umekobolewa, kiini kikaondolewa, ilhali kiini ndicho sehemu ya punje yenye protini bora zaidi. Unga wa posho mill nao kiini unabaki nacho, lakini virutubisho vya kiwandani hauongezwi. Kwa kifupi, kila unga unakosa kitu.

Na mbegu je? Ipo habari nzuri. Mwaka 1963 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waligundua kwamba mahindi ya aina fulani yana lisini na triptofani karibu mara mbili ya kawaida. Punje zake zilikuwa laini, zikiliwa na wadudu na kutoa mavuno haba, hadi Surinder Vasal na Evangelina Villegas walipofanya kazi ya miaka mingi nchini Mexico kuzifanya ngumu. Walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Kenya pia ina aina zilizoidhinishwa za mahindi hayo. Lakini mbegu nzuri kwenye udongo wenye njaa bado ni mmea wenye njaa. Na ni mkulima gani atahangaika kuzitafuta ikiwa sokoni hakuna anayelipia ubora? Bohari ya nafaka hupima unyevu, usizidi asilimia 13.5, kisha hupima uzito. Canada na Australia, ngano yenye protini nyingi hulipwa zaidi. Kwetu, kilo ni kilo.

Dawa iliyo karibu zaidi tunaijua tangu utotoni, na kwa bahati mbaya tuliichukia shuleni: githeri. Maharagwe yana lisini tele na methionini kidogo. Mahindi ni kinyume chake. Vikikutana kwenye sufuria moja, kimoja kinaziba pengo la kingine. Ajabu ni kwamba vinasaidiana hata shambani. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde huinasa na kuigeuza chakula cha mmea. Soya na kunde ni hodari zaidi kwa kazi hiyo kuliko maharagwe ya kawaida, lakini yote yanasaidia, mradi udongo usiwe na asidi kali na fosforasi ipatikane. Kule Mbita, Homa Bay, watafiti wa ICIPE wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mahindi yakipandwa pamoja na desmodiamu, ambayo pia ni ya jamii hiyo, udongo hupata naitrojeni, kiduha hupungua na nondo wanaotoboa mabua hufukuzwa. Nyanya zetu hawakuwa na maabara, lakini walichanganya mahindi na maharagwe shambani na mezani. Sisi ndio tuliovitenganisha, tukabaki na ugali mweupe na supu ya bure.

Na tusimwachie mkulima mzigo wote. Mji ni sehemu ya tatizo hili. Naitrojeni iliyotoka Trans Nzoia kwenye lori haikuishia tumboni mwako. Sehemu yake kubwa hutoka mwilini kupitia mkojo, ikaenda kwenye mabwawa ya maji taka ya Ruai, au moja kwa moja kwenye Mto Nairobi mahali mabomba yanapovuja. Maganda na masalio ya soko la Wakulima na Gikomba huishia Dandora. Barabara ya rutuba ni ya upande mmoja: inaingia mjini, hairudi. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na nyingine. Ikitekelezwa, hapo kuna mbolea na hapo kuna ajira. Tayari wapo vijana wanaofuga mabuu ya nzi kwa taka za soko, mabuu yakawa chakula cha kuku na masalio yakawa mbolea. Kaunti ziwape nafasi badala ya kuwafukuza na askari wa jiji.

Kwa hivyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, ruzuku iende na vipimo: mkulima apewe kulingana na shamba lake, na chokaa, salfa na zinki ziwe na nafasi sawa na DAP kwenye depo. Pili, serikali ipime nafaka yenyewe. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya maelfu ya sampuli za nafaka kutoka Ethiopia na Malawi, wakaonyesha kwamba zinki, chuma na seleniamu kwenye punje hutofautiana sana kutoka eneo moja hadi jingine. Pale ulipozaliwa panaamua nafaka yako ina nini. Kenya nayo ihitaji ramani kama hiyo, na protini iwekwe ndani yake. Tatu, shule zinazolisha watoto zinunue kwa kuangalia lishe, si bei ya gunia peke yake. Maharagwe na mahindi yenye lisini nyingi yapate soko la uhakika hapo.

Lakini usisubiri serikali ndiyo uanze. Msimu ujao ujumbe wa mbolea ukiingia, kabla ya kutuma, piga simu. Uliza: udongo umewahi kupimwa? Kama haujapimwa, tuma za kupima kwanza. Achukue udongo kutoka sehemu kumi au kumi na tano za shamba akienda zigizaga, kina cha sentimita 20 hivi, aepuke palipochomwa taka au palipokuwa zizi, achanganye wote vizuri, kisha apeleke nusu kilo kwenye maabara ya KALRO au kwa afisa wa kilimo. Afanye hivyo mapema, si siku mvua inaponyesha, ili chokaa ikihitajika ipate muda wa kufanya kazi. Mwambie pia aongeze mistari ya kunde au soya.

Na wewe, leo saa saba ukifika kibandani, agiza madondo na huo ugali. Ni nafuu kuliko nyama, na pengo ambalo udongo uliliacha, madondo yanaliziba.